Java: programu inaganda mtandao ukisuasua, kisa nemspesi za XML?

Kahawa_Vwawa
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Niko Vwawa, nimeachiwa programu ya Java inayosoma mafaili ya GPX (XML ya data za GPS) ya mashamba ya kahawa. Mabwana shamba wanazunguka Mbozi na GPS za mkononi, wakirudi wanamimina mipaka kwenye kompyuta. Aliyeiandika aliweka nemspesi (majina yenye sura ya anwani za wavuti, yanayoonyesha tagi za XML ni za aina gani) kwenye HashMap, jedwali la kutafutia kwa funguo, na funguo zake ni java.net.URL. Mtandao ukiwa mzuri, mambo safi. Ukianza kusuasua, hata faili dogo linaganda. Nimesaka sehemu inayopakua kitu, hakuna. Sasa huko intaneti inafuata nini?

Fundi_Mafinga
Kamwene. Inafuata DNS, huduma inayogeuza jina la seva (hosti) kuwa namba ya IP. HashMap hutafuta na kulinganisha funguo kwa hashCode na equals; URL ikiitwa hizo, huenda kwanza kuulizia IP ya hosti. Na kuna baya kuliko kuganda: hosti mbili zikiwa na IP moja, equals inazihesabu kitu kimoja. Watu wawili wamepanga seva moja, njia zao zikafanana, basi nemspesi zao zimeshachanganywa.

binti_tukuyu
Si aweke java.net.URI tu? Haigusi mtandao.

Fundi_Mafinga
Dada, hapo kuganda kutaisha, kosa litabaki. W3C, wenye viwango vya wavuti, walishasema tangu 1999: nemspesi hulinganishwa herufi kwa herufi, kama stringi. URI haijali herufi kubwa na ndogo kwenye hosti, wala %7e na %7E (alama ~ ikiandikwa kwa msimbo). Kwa XML hayo ni majina mawili. Wa .NET nanyi msicheke, System.Uri ukiipa http://example.org inakurudishia yenye mkwaju mwishoni. Ukiiandika kwenye faili, tayari ni nemspesi nyingine.

Weka String. Ukitaka klasi yako, iwe na String moja ya final ndani, basi. Kwa jina zima la elementi (tagi pamoja na nemspesi yake) klasi ya Java ya QName ipo, na ikilinganisha haiangalii prefiksi, kile kifupi cha mbele ya tagi, ndivyo inavyotakiwa. Halafu toLowerCase (kugeuza herufi zote kuwa ndogo) ya "usalama" sitaki hata kuiona: ya GPX ni http://www.topografix.com/GPX/1/1, GPX kwa herufi kubwa.

Kahawa_Vwawa
Ndaga fijo! Nimeweka String, nikachomoa waya wa mtandao, faili limesomeka papo hapo. Ila nina KML (mafaili ya ramani ya Google Earth) za zamani zenye nemspesi http://earth.google.com/kml/2.1, na mpya zenye http://www.opengis.net/kml/2.2. Nizifanye sawa ndani ya equals?

Fundi_Mafinga
Equals usiiguse kaka. Amua pale faili linapoingia: nemspesi hii inasomwa na klasi hii, ile na ile. Na GPX/1/0 iandalie yake mapema, vifaa vya zamani hutoa hiyo.