Naomba ushauri: mdogo wangu ameacha dawa, mama anataka kumpeleka kwa mganga

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Mwaka juzi alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, akawa hagusi chakula, anasema kimetiwa sumu. Daktari akasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, akamwandikia vidonge vya haloperidoli. Alitulia, akarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Shida ni kwamba dawa zilimkaza shingo na kumtetemesha mikono, hata bisibisi ikawa inamponyoka.

Juzi nimefunua godoro, nikakuta vidonge vya karibu miezi miwili. Usiku halali, anaziba matundu ya dirisha kwa magazeti. Mtaani wanamwita “wa Mirembe”, yaani wa ile hospitali ya wagonjwa wa akili, wateja wote wamehama. Mama anasema ni majini, anataka kumpeleka kwa mganga. Kule tulishampeleka mwanzoni, akarudi na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono. Siwezi kuruhusu tena.

Nasikia kuna sindano ya flufenazini, mara moja kwa mwezi. Kuna aliyemuuguza ndugu yake kwa hiyo? Mwili ulikakamaa vilevile? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?