Mafundi wa Mbeya, acheni kurudishia bolti zilizochoka kwenye injini za watu!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Toyota Probox yangu, injini 1NZ, imetoboka bloku, yaani mwili wa injini. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu inayozunguka chini ya injini), imetokea ubavuni. Nilikuwa nashuka Isyonje kuja Uyole na viazi, gia ya pili, injini ndiyo inashikilia gari kama kila dereva mwenye akili anavyoshuka pale. Ukapiga mlio mmoja, oili ikamwagika lami nzima, basi.

Injini hiyo ilikuwa imetoka kufunguliwa yote kwenye gereji moja hapa mjini. Ringi za pistoni mpya, beringi mpya, gasketi ya hedi (kichwa cha injini) mpya, nimenunua mimi na risiti ninazo. Nikamuuliza fundi, mbele ya vijana wake: bolti za konrodi na za hedi vipi, ninunue? Akanijibu, "Mzee, hizo ni za Mjapani, zinarudi hizo hizo." Leo nampelekea konrodi iliyopinda na bolti iliyokatika shingoni, ananiambia nilizidisha mzigo.

Mzigo! Hapo ndipo aliponichefua. Mafuta yanapowaka, pistoni inasukumwa chini na konrodi inabanwa katikati ya pistoni na kranki. Bolti hazivutwi wakati huo. Zinavutwa pistoni inapofika juu kabisa mwisho wa kutoa moshi, halafu kranki inairudisha chini kwa nguvu. Hapo hakuna mlipuko wa kuizuia pistoni isiendelee kwenda juu, kinachoishikilia ni kile kifuniko cha konrodi na bolti zake mbili. Na nguvu hiyo inafuata mzunguko wa injini, haifuati magunia: mzunguko ukipanda mara 2, mvuto unapanda mara 4. Kushuka mlima kwa gia ndogo, mguu umetoka kwenye mafuta, injini inalia juu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa bolti ya konrodi. Sisi wa huku tunaishi milimani. Kitonga, Mlima Nyoka, barabara ya Chunya, kila siku ni kushuka kwa gia. Bolti iliyochoka itakatika huku kabla ya kwingine kokote.

Na jinsi alivyozikaza! Hana toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Ana soketi na kipande cha bomba la maji cha kuongezea urefu, anavuta mpaka anaridhika. Kitabu cha Toyota kwa 1NZ kinataka bolti ya konrodi ikazwe Nm 15 kwanza (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu izungushwe nyuzi 90 za pembe, yaani robo mzunguko. Za hedi, zote 10, ni Nm 29, halafu nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Sababu ya kupima kwa pembe ipo: nguvu kubwa ya spana, karibu sehemu 9 kati ya 10, inaliwa na msuguano wa uzi na wa kichwa cha bolti, na kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti ibane. Uzi ukiwa na kutu au mchanga, mkono unahisi imekaza, kumbe haijabana kitu. Ndiyo maana wanaivuta kwa pembe mpaka inaanza kurefuka kabisa. Bolti ya namna hiyo ikisharefuka hairudi urefu wake. Ukiirudia mara ya pili na ya tatu, shingo inazidi kuwa nyembamba.

Sisemi kila bolti itupwe. Toyota wenyewe wanaruhusu kurudishia, lakini UPIME. Ya konrodi kwenye 1NZ ikiwa mpya ina milimita 6.6 hadi 6.7 shingoni, ikishuka chini ya 6.4 ni ya kutupa. Kipimo chenyewe ni venia, ile rula yenye taya za kubana kitu, sekunde chache tu. Za Volkswagen hakuna mjadala, ukifungua unaweka mpya. Bolti za sampu (bakuli la oili chini ya injini), za kava ya tapeti (mfuniko wa juu ya hedi), rudisha tu zikiwa na uzi mzima. Ugomvi wangu ni za konrodi, za hedi, za beringi kubwa za kranki na za flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa kranki). Bolti 8 za konrodi zinalinganaje na bei ya bloku?

Halafu kuna hili la hedi, wanalifanya wengi: wanafunga bolti huku matundu ya bloku yamejaa maji au oili. Kimiminika hakibanwi. Bolti inafika chini, kinasukuma, bloku inapasuka, au toki inasoma imefika wakati hedi haijabanwa. Pulizeni matundu kwa upepo, pitisheni tapu kusafisha uzi, pakeni oili kidogo kwenye uzi na chini ya kichwa. Hiyo nayo inahitaji chuo?

Ninachotaka kwa fundi huyo ni bloku na konrodi, na kazi airudie bila senti yangu. Amekataa, naanzia kwa mtendaji wa kata na risiti zangu pamoja na ile bolti iliyokatika.

Kwenu wadau: anayejua gereji yenye toki renchi inayotumika kweli, iwe Mwanjelwa, Soweto, Mbalizi au hata Makambako, aitaje hapa. Na duka lenye bolti mpya za konrodi za 1NZ, siyo za kutolewa kwenye injini ya mtumba zikapakwa grisi. Gari limelala Uyole, viazi vya watu vimehamishiwa Fuso kwa gharama yangu.