Meli ya Khedive Ismail, Februari 1944: kwa nini walipona wachache?

Mjukuu wa Mpiga Mizinga:
Wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Kaka wa babu yangu alipanda meli Mombasa mwaka 1944 akiwa askari wa mizinga, na kilichorudi nyumbani ni maneno mawili tu: "amezama baharini". Nimeambiwa meli ilikuwa Khedive Ismail. Je, ni kweli kwamba manowari za Waingereza wenyewe ziliwalipua waliokuwa wakielea?

Baharia Mstaafu:
Marahaba. Hiyo ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya Chile, ikauzwa Misri, kisha vita vikaifanya ya kubeba askari. Ilikuwa katika msafara wa meli tano kuelekea Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), ikiwa na watu 1,511, wakiwemo 996 wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki na wauguzi wa kike kadhaa. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili (makombora yanayopita majini), nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Aliyekuwa sitaha za chini hakuwa hata na nafasi ya kuifikia ngazi. Walikufa 1,297.

Msomaji wa Kumbukumbu:
Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, ingawa neno "waliwalipua" linaficha ugumu wa jambo lenyewe. Paladin, manowari ya Waingereza iliyosindikiza msafara, ilikuwa imeshusha mashua kuokoa watu wakati mwenzake Petard ikidondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, kwa sababu nyambizi ilikuwa imejificha chini ya hao hao waliokuwa wakiogelea, na meli nyingine za msafara zilikuwa bado hatarini. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikapasuliwa ubavu ilipoikaribia, na hatimaye topido ya saba ya Petard ndiyo iliyoimaliza. Mimi simlaumu nahodha wa Petard, lakini naelewa anayemlaumu.

Baharia Mstaafu:
Kaburi halipo, ila jina lipo. Nenda kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, ukatazame mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Usitafute kwa tahajia moja tu, maana jina la Kiafrika likipita kwa karani wa jeshi lingeweza kutoka na herufi nyingine.

Mjukuu wa Mpiga Mizinga:
Nashukuru sana. Babu alikuwa akilitamka kwa namna mbili. Nitaanza na hizo.