Sini yangu ya usiku migombani badala ya kutisha inachekesha, nisaidieni

Kijana_wa_Rau: Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, nashuti filamu fupi na wenzangu wanne. Sini yenyewe: saa tatu usiku binti anampelekea ng'ombe majani bandani, na kuna mtu kajificha migombani. Tulishuti Kibosho kwa simu, taa moja. Nimeweka muziki wa kutisha mwanzo mwisho, kamera inamwonyesha jamaa nyuma ya mgomba, binti anageuka, yowe. Jumamosi nikawaonyesha nyumbani, bibi akauliza, "Huyo kijana anamwogopa nani mpaka ajifiche?" Wakacheka wote. Nimekosea wapi? Hela ya kurudia inatosha usiku mmoja tu.

FundiSauti: Mangi, toa muziki wote kwanza. Ukilia tangu mwanzo, masikio yanazoea na huna tena cha kuongeza. Usiku wa huko una sauti zake: maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), nyenje, majani makavu ya mgomba yakisuguana, na huyo ng'ombe wako. Tusikie anavyocheua, kwa karibu kabisa, nusu dakika hivi, mpaka tusahau kwamba tunamsikia. Halafu aache ghafla. Na nyenje nao. Binti abaki kasimama na majani mkononi.

Jingine: rekodi dakika moja ya usiku mtupu, watu wote kimya, uitandaze chini ya sini nzima. Bila hiyo, kila unapokata sauti itaruka. Na maikrofoni ya simu hujiongeza yenyewe pakiwa kimya, ndiyo maana unasikia mvumo. Tafuta programu inayokuruhusu kufunga kiwango cha sauti.

Mzee_Kijiweni: Bibi apewe udairekta.

DadaWaNjiro: Bibi yuko sahihi. Ukishamwonyesha jamaa, ni kijana tu kachuchumaa. Kwenye filamu ya Jaws ya 1975 papa wa bandia alikuwa anaharibika kila mara, ikabidi dairekta Spielberg amfiche. Tukabaki na maji na noti mbili za muziki wa John Williams. Hapo FundiSauti nakupinga kidogo, muziki si adui. Watoto wanapotania watu kwa pezi la bandia, ule muziki haulii. Ukilia, papa yupo kweli.

Kwako wewe: muweke binti pembeni mwa fremu, nyuma ya bega lake pabaki giza la migomba. Usikate. Kamera imsogelee taratibu mno, mtu asijue kama inasogea. Macho ya mtazamaji yatakwenda kwenye giza yenyewe. Ila funga ekspoja (kiwango cha mwanga), maana simu ikiachiwa italifanya giza liwe kijivu chenye chenga.

Kijana_wa_Rau: Asante dada. Na yowe je?

DadaWaNjiro: La nini? Kata kabla hajageuka.

Kijana_wa_Rau: Mrejesho wakuu. Tumerudia jana. Ng'ombe aligoma kuacha kucheua mpaka saa sita, nikaamua kuikata sauti kwenye kuhariri na kuweka picha ya sikio lake likigeukia migomba. Jamaa haonekani kabisa, amenuna kweli maana alishawatangazia kwao. Bibi ameangalia mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ng'ombe kaona nini?"

Sauti ya nyenje bado inaruka pale binti anapofungua banda. Ile dakika ya ukimya ina pikipiki ndani yake.

FundiSauti: Rudi na simu peke yako, saa nane usiku.