Kombe la timu Kisumu na Nakuru: mfumo upi?

MwanaZiwa: Wadau, klabu yetu hapa Kisumu imekubaliana na wenzetu wa Nakuru tuwe na kombe la tenisi la timu kila mwaka. Kamati inakaa Jumamosi. Mezani kuna Davis Cup, kombe la mataifa la wanaume, kwa mfumo wa zamani au ule mpya, na Hopman Cup, ya timu za mwanamume na mwanamke. Nyinyi mngechukua gani?

BabaTumaini: Viwanja vingapi? Wachezaji wangapi? Wanawake mnao? Unauliza bei ya shati bila kusema la nani.

NjoroKusini: Ya zamani! Ijumaa hadi Jumapili, mechi nne za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili, leo kwenu kesho kwetu. Shirikisho la tenisi la dunia lilipopiga kura kuibadili, Orlando 2018, likaikabidhi kampuni ya Piqué, yule wa kandanda, kwa ahadi ya dola bilioni 3 kwa miaka 25. Januari 2023 mkataba ukavunjika. Fainali za 2019 timu zote zikakusanywa Madrid. Shabiki wa Serbia alifuata nini huko?

SetiTatu: Njoro, mastaa walikuwa washaanza kuikwepa hiyo ya zamani. Mechi ya seti tano inachosha, mpya ni tatu.

NjoroKusini: Na Madrid 2019, kwa hizo seti tatu zenu, walilala? Marekani na Italia walimaliza saa kumi na dakika nne alfajiri.

Shangazi_Kakamega: Mimi za kumaliza siku moja sizitaki tena. Nilicheza moja, mji siutaji. Timu sita, viwanja viwili. Mwenye ufunguo wa stoo ya nyavu alifika saa nne. Saa kumi ikanyesha, mvua ya huku mnaijua, tukafagia maji na kupangusa kwa magunia. Mechi yetu ya wawili wawili ikaanza giza likiingia, boda wawili wakatuwashia taa za pikipiki. Mpira umelowa, mzito kama kiazi. Tukiwa sare ya nne nne tukaambiwa turushe shilingi kuamua mshindi. Nauli yangu, jasho langu, na shilingi ikaangukia wao! Chukueni Hopman: mwanamume, mwanamke, kisha wacheze pamoja. Kwenye Hopman ya Perth, Australia, 2019, Federer na Serena walipokutana, watu walipita 14,000.

SetiTatu: Na mwaka huo huo Perth ikaipoteza, shangazi. Ikaja ATP Cup, wanaume watupu.

Shangazi_Kakamega: Iliyodumu mara ngapi? Tatu! 2023 wakaturudisha wanawake kwa United Cup, ya mchanganyiko.

MwanaZiwa: Samahani, nilikuwa kazini. Viwanja viwili, kimoja kina ufa karibu na mstari wa kuanzishia. Wanaume wanane. Mwanamke mmoja, naye ana mimba ya miezi saba. Mipira ni mikebe sita.

BabaTumaini: Mikebe sita, siku tatu? Hiyo itakuwa imeisha manyoya Jumamosi mchana.

NjoroKusini: Tukija tutakula wapi? Nataka samaki wa Dunga, hapo ufuoni Kisumu, si wa barafu kutoka China.

SetiTatu: Wa Naivasha ana ubaya gani?

Shangazi_Kakamega: Umeanza.

MwanaZiwa: Kamati imesogezwa wiki moja. Mweka hazina amesafiri.