Hajjaj bin Yusuf: alijenga dola au alikuwa dhalimu? Tujadili

Wakuu salaam. Kuna hoja nakutana nayo sana siku hizi, eti Hajjaj bin Yusuf, yule gavana wa Iraq enzi za dola ya Bani Umayya, anasemwa vibaya bure, alikuwa mkali ila kazi alichapa, na wengine wanaenda mbali wanasema hata sisi tungepata gavana kama yule nchi zingenyooka. Mimi nakataa kabisa.

Haki yake tumpe. Jamaa alianza kufundisha watoto kule Taif, akaingia kwenye utumishi wa Khalifa Abdulmalik bin Marwan akapanda haraka. Mwaka 692 aliizingira Makka akaipiga kwa manjaniki (mitambo ya kurushia mawe), Abdullah bin Zubair aliyekuwa anadai ukhalifa akiwa huko akauawa na maiti yake ikatundikwa. Mwaka 694 akapewa Iraq, akakaa nayo miaka 20 mpaka anakufa 714. Humo ndani madaftari ya kodi yakatolewa kwenye Kiajemi yakawekwa kwenye Kiarabu, mifereji ikachimbwa, mji wa Wasit ukajengwa, na hata nukta za herufi kwenye msahafu zinahusishwa na amri yake. Hayo sibishi.

Sasa njoo kwa wakulima. Watu wa vijijini Iraq walisilimu, wakaacha mashamba wakahamia Basra na Kufa, hazina ikapungua. Hajjaj akafanyaje? Akawafukuza warudi vijijini na kodi walipe ileile kana kwamba hawajasilimu! Inasimuliwa walikusanyika nje ya Basra wanalia wanaita "ewe Muhammad, ewe Muhammad", hawajui waelekee wapi, na wasomi wa Qur'ani wakatoka wakalia nao, na zipo riwaya kwamba kila mtu aligongwa mkononi jina la kijiji chake ili asitoroke tena. Jamani, mtu ametamka shahada halafu anapigwa chapa kama ng'ombe kwa ajili ya kodi, mimi hapo siwezi kuita uchapakazi.

Na matokeo yake yanaonekana. Kamanda Ibn al-Ash'ath alipoasi na jeshi ambalo Hajjaj mwenyewe alimpa akapigane mashariki, hao wanyonge na hao wasomi ndio walimpokea, akiwemo Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas. Ikapigwa vita ya Dayr al-Jamajim, karibu na Kufa, Hajjaj akaokolewa na askari kutoka Sham (Syria), kwenye makao ya khalifa. Baada ya hapo ndo akajenga Wasit, katikati ya Kufa na Basra, akawaweka hao askari wa Sham humo na yeye mwenyewe akahamia humo. Yaani huo mji mnaousifu ilikuwa kambi ya gavana asiyeweza kulala katikati ya watu anaowatawala. Said bin Jubayr alikamatwa baadae akachinjwa, miaka mingi baada ya vita kuisha.

Na msiseme haya ya mbali hayatuhusu. Majeshi yake yaliingia Oman, na mapokeo yanasema Suleiman na Said wa ukoo wa Julanda, watawala wa huko, walipozidiwa walichukua familia zao wakavuka bahari wakakimbilia nchi ya Zanj, yaani huku kwetu pwani.

Kwa hiyo anayemtetea anijibu hili moja tu: kama miaka ile yote alikuwa anajenga, kwa nini mpaka anakufa Iraq ilishikwa na jeshi la kutoka Sham?