Kijiji cha wavuvi kisiwani: niende saa ngapi?

BintiPwani
Wadau, habari zenu. Mwezi ujao nakwenda likizo kisiwani siku sita na mama mzazi, na siku moja nimeitenga kwa kijiji cha wavuvi. Mara ya mwisho, kisiwa kingine, tulifikishwa saa saba mchana. Maji yamekupwa mbali, vyombo vimelala ubavu kwenye tope, ufukweni hakuna mtu. Mama aliketi juu ya gogo akaniuliza, "Wavuvi wenyewe wako wapi?" Baba yake alikuwa mvuvi, nami nilitaka aone samaki wakishushwa. Iliniuma sana. Safari hii niende saa ngapi? Na picha je, nipige vipi bila kuwakera watu?

NahodhaMstaafu
Mwanangu, usianze na saa, anza na mwezi. Ukiwa mpevu au ukiandama huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, ndipo vyombo huachwa pakavu kama ulivyoona. Katikati ni maji mafu, tofauti ndogo. Tena kila siku maji huchelewa kujaa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya aliyekwenda wiki iliyopita haikufai wewe. Tafuta jedwali la maji la bandari ya karibu.

Kisha uliza wanavua nini. Wanaovua dagaa kwa taa hutaka usiku wa giza, hurudi alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti samaki vizuri, wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Hata siku hiyo ingemfaa mama yako, maana watu wana nafasi ya kuzungumza.

Msafiri_K
Dada, niliwahi kumpiga picha mama mmoja akihesabu samaki wake, sikumwomba. Alijifunika uso, na mpaka leo naona aibu. Siku hizi kamera hukaa mkobani. Nasalimia, nanunua samaki, ndipo naomba. Na chombo kikivutwa usisimame karibu na kamba.

Chumvi
Kama ni visiwa vya Mediterania, maji hayapwi sana. Huko tazama upepo.

BintiPwani
Shikamoo Nahodha, asanteni nyote. Ni Bahari ya Hindi. Nimeona jedwali: siku ya tatu maji yanajaa saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mwezi ni kipande tu. Nimemwambia mama tutaamka saa kumi. Ameuliza kama aichukue sindano ya nyavu ya babu.